Uchambuzi: Mifumo ya Serikali Ikisomana, Kahama Inamsubiri Nani?

Watanzania wengi walilisikia jina la Buzwagi mwaka 2017, na kilicholitangaza zaidi kilikuwa ubishi kuhusu hesabu za dhahabu yake. Machi mwaka huo Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, na makontena 277 yenye shehena kutoka migodi ya Buzwagi na Bulyanhulu yakazuiliwa Dar es Salaam. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilikadiria kuwa makontena hayo yalibeba tani 7.8 za dhahabu. Kampuni ya Acacia ikayakataa makadirio hayo. Shauri hilo lilimalizika kwa mazungumzo kati ya Serikali na kampuni ya Barrick, yaliyozaa kampuni ya ubia ya Twiga ambayo Serikali inamiliki asilimia 16. Hata hivyo swali lililokuwa kiini cha ubishi ni la kudumu: madaftari mawili yanapotofautiana, lipi liaminiwe?

Swali hilo sasa limehamia ndani ya kanzidata za Serikali. Wilayani Kahama, kama ilivyo katika wilaya nyingine zilizo mbali na makao makuu, hujitokeza kwa sura ya kawaida kabisa. Mwananchi amefika dirishani na karatasi zake zote, mtumishi anaitazama skrini, kisha anajibu kwamba mtandao unasumbua.

Jibu hilo moja linabeba matatizo ya asili tofauti. Huenda mkongo umekatika njiani. Huenda mkongo ni mzima lakini seva imezidiwa na maombi. Huenda seva ni nzima pia, ila nakala moja ya kumbukumbu imechelewa kupokea taarifa kutoka kwa nyingine, hivyo malipo yaliyofanyika dakika 10 zilizopita bado hayaonekani. Au mfumo mmoja unausubiri mwingine, ambao nao unausubiri wa tatu. Kwa mwananchi haya yote yana sura moja, lakini kwa mtaalamu kila moja lina tiba yake, na tiba ya moja inaweza kuwa sumu kwa jingine.

Hilo la mwisho ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini wakati huu. Rais Samia Suluhu Hassan ameagiza mara kadhaa mifumo ya Serikali isomane, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2019, imejenga njia ya pamoja ya kubadilishana taarifa baina ya taasisi. Faida yake iko wazi. Mwananchi hatakiwi kubeba nakala za karatasi zilezile kutoka ofisi moja hadi nyingine wakati Serikali tayari inazo. Lakini mifumo inayosomana ni mifumo inayosubiriana, na jambo hili halijazungumzwa vya kutosha.

Tulitazame katika soko la madini. Utaratibu wa masoko haya ulianza Geita, ambako soko la kwanza lilifunguliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa Machi 17, 2019, na Kahama nayo ikapata lake. Mchimbaji mdogo akifika sokoni na dhahabu yake, mambo kadhaa hayana budi kuthibitika kabla hajaondoka na fedha: yeye ni nani, leseni husika ni halali au la, dhahabu ina uzito na ubora gani, bei ya siku ni ipi, na mrabaha na ada ya ukaguzi ni kiasi gani. Kisha ankara hutolewa kwa namba ya malipo kupitia mfumo wa Serikali wa malipo kwa njia ya kielektroniki ulioanza kutumika mwaka 2017.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kazi hiyo inahitaji mifumo minne, na kila mmoja unapatikana kwa asilimia 99 ya muda. Takwimu hiyo inapendeza katika taarifa ya mwezi. Katika mwezi wa siku 30, asilimia 1 inayobaki ni saa 7 na dakika 12. Lakini ikiwa lazima yote minne iwe hewani kwa pamoja, na kila mmoja huanguka kwa wakati wake, upatikanaji wa huduma unashuka hadi takriban asilimia 96, yaani zaidi ya saa 28 za kusimama kwa mwezi. Kila taasisi itakuwa imetimiza lengo lake, na mchimbaji atakuwa amekaa kwenye benchi zaidi ya siku nzima.

Kwa hiyo kipimo cha mfumo kinapaswa kuanzia dirishani Kahama. Kukisoma kwenye chumba cha seva Dar es Salaam au Dodoma hakutoshi.

Umbali nao una bei yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Kahama ni takriban kilometa 1,000 kwa barabara. Mwanga husafiri ndani ya nyuzi za mkongo kwa kasi ya takriban kilometa 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni kama milisekunde 10 hata kama mitambo yote ya njiani haitumii muda wowote. Hicho ni kitu kidogo. Lakini programu iliyoandikwa bila kufikiria umbali inaweza kuuliza kanzidata maswali 40, moja baada ya jingine, ili kujaza ukurasa mmoja. Kwa mkongo hizo ni karibu nusu sekunde. Mkongo ukikatika na ofisi ikahamia kwenye setilaiti ya juu, ambayo safari moja ya kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde, ukurasa uleule utachukua zaidi ya sekunde 20. Hapo kununua seva kubwa zaidi hakusaidii chochote. Kinachosaidia ni kumtaka mtengeneza programu ayakusanye maswali yote 40 katika safari moja, kazi ambayo haihitaji zabuni.

Njia ya pili ya kupunguza umbali ni kuweka nakala za kumbukumbu katika seva zaidi ya moja, zilizo mahali tofauti. Hapa ndipo lile swali la madaftari mawili linaporudi. Mawasiliano kati ya seva hizo yakikatika, kila moja itabaki na nakala yake na kujiona ndiyo sahihi. Zote zikiendelea kuandika, leseni ya eneo moja inaweza kutolewa kwa watu wawili, kila mmoja akiwa na cheti halali mkononi.

Dawa yake Watanzania wanaijua kutoka katika mikutano ya vijiji: akidi. Seva zikiwa tatu, hakuna jambo linaloandikwa mpaka angalau mbili zikubali. Inayojikuta peke yake inanyamaza. Ndiyo maana wataalamu hupendelea idadi isiyogawanyika kwa mbili; seva nne zinahitaji kura tatu, hivyo zinavumilia kupotea kwa moja tu, sawa na tatu zinavyovumilia, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Akidi ina maana kwamba kuna nyakati mfumo utakataa kufanya kazi ili usikosee. Kwa leseni, mrabaha na umiliki wa ardhi, uamuzi huo ni sahihi, na mwandishi wa uchambuzi huu hauoni kama udhaifu. Lakini si kila huduma inauhitaji. Mtu anayetaka kuona bei elekezi ya madini, orodha ya ada au hali ya ombi lake anaweza kuonyeshwa nakala ya saa moja iliyopita, mradi aambiwe kuwa ni ya saa moja iliyopita. Kufungia kusoma na kuandika chini ya sharti moja ni uzembe wa usanifu, na hapo ndipo malalamiko mengi yanaweza kupunguzwa kwa urahisi.

Mei 12, 2024 nchi ilipata funzo la aina yake. Mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, Nape Nnauye, alitoa taarifa kwa umma kueleza chanzo. Huduma ambayo kanzidata yake iko nchini na inafikiwa kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano haikuwa na sababu ya kuathirika na kilichotokea baharini. Iliyozorota ilikuwa na tegemeo nje ya nchi mahali fulani, pengine katika kipande kidogo tu cha programu. Siku kama ile ni fursa adimu ya kuyaorodhesha mategemeo hayo.

Kuna pia suala la foleni. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipokaribia ukomo wa Desemba 31, 2019, misururu ilijaa katika ofisi za vitambulisho vya Taifa kote nchini, na Rais Magufuli akaongeza muda hadi Januari 20, 2020. Misururu ya ofisini ina pacha wake ndani ya seva. Kanuni rahisi ya hesabu za foleni inasema kwamba mtambo unaotumika kwa nusu ya uwezo wake hufanya kila ombi lichukue mara 2 ya muda wake wa kawaida. Ukitumika kwa asilimia 90, mara 10. Kwa asilimia 95, mara 20. Ndiyo sababu mfumo uliokuwa mzuri Jumatatu unaonekana kufa Ijumaa ya mwisho wa mwezi ingawa watumiaji wameongezeka kidogo tu. Kuuzima na kuuwasha wakati huo huongeza tatizo, kwa kuwa kila kompyuta nchini hujaribu kuunganishwa upya kwa mpigo. Tiba ni kuzipangia kompyuta zisubiri kwa vipindi tofauti kabla ya kujaribu tena, na kutopanga tarehe za ukomo wa malipo mengi siku moja.

Mwananchi naye hujaribu tena. Kwa bahati, utaratibu wa namba ya malipo ulilizingatia hilo: ankara moja ina namba yake moja, hivyo malipo yanayorudiwa yanaweza kutambulika. Hatari hubaki pale mtu anapoambiwa aombe namba mpya kwa sababu ya kwanza "haijasoma". Mara nyingi imesoma, ila jibu limechelewa.

Hivyo basi, taarifa ya hitilafu inayotolewa kwa umma ingepaswa kusema angalau mambo matatu: ni huduma ipi imesimama na ipi inaendelea, malipo yaliyofanyika saa ngapi tayari yamehifadhiwa, na je, mwananchi asubiri au arudie. Taarifa inayosema tu kwamba wataalamu wanaendelea kulishughulikia tatizo haimsaidii mtu aliyetoka mgodini na dhahabu mfukoni, ambaye nje ya soko kuna mnunuzi asiye na leseni wala mrabaha, na asiyehitaji mtandao.

Mgodi wa Buzwagi ulimaliza uzalishaji mwaka 2021, na eneo lake limepangwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, likiwa na mpango wa kiwanda cha kusafisha madini. Bandari kavu ya Isaka iko wilaya ileile. Shehena itakayopita hapo itaandikwa na forodha, na mamlaka ya mapato, na Tume ya Madini, na wasafirishaji, kila mmoja katika kanzidata yake. Bado upo muda wa kukubaliana ni daftari lipi litakuwa la mwisho kwa kila takwimu, na kuupima mfumo mzima kwa kuukata mkongo makusudi, mchana, wataalamu wakiwa Kahama.