KURUDISHWA KWA HOMA SI AIBU



Twasikia manung'uniko kutoka Kibabii mpaka Kitale kwamba wenzetu waliokwenda kutoa damu wamerudishwa kwa sababu ya homa, wakaona haya kama watu waliofukuzwa kazi. Twasema wazi: aibu ni kuificha homa, si kurudishwa.

Malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu, nayo humwingia mgonjwa pamoja na damu anayotiwa. Virusi vya mbu, kama vya chikungunya na kidingapopo, yaani homa ya dengi, huwamo katika maji ya damu, na mtu aweza kuwa navyo siku moja au mbili kabla ya kusikia homa. Hapo daktari hana la kuona usoni. Damu ya Kenya hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini ya B na C, na kaswende. Virusi vya mbu havimo. Basi kinga iliyobaki ni ulimi wa mtoaji.

Wala msidhani ni mambo ya pwani tu. Dengi ilishika Mombasa mwaka 2013, kweli. Lakini o'nyong'nyong ilianza Uganda mwaka 1959, ikaingia Kenya na Tanganyika, ikaugua watu wapatao milioni 2, na aliyeieneza ni mbu yule yule wa malaria.

Wako wanaotaka sheria za ng'ambo. Marekani mwaka 2020 ilipunguza muda wa kungoja kwa msafiri aliyetoka nchi ya malaria, toka mwaka mzima hadi miezi 3. Sheria hiyo ikiletwa Bungoma nani atatoa damu? Na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria hiyo hiyo atatiwa nini?

Lakini lawama isiwe ya watoaji peke yao. Mtu ambaye mkewe yu katika uchungu, naye ameambiwa alete watu wa kurudisha damu, akiulizwa habari za homa atajibu nini? Atasema ni mzima! Na kibarua akikatwa mshahara wa siku, harudi tena akisha kupona.

Kwa hiyo twadai kwa matajiri: siku ya kutoa damu ilipwe, hata kwa aliyerudishwa. Nao wakusanyaji wa damu wamweleze mtu sababu, tena wampe nambari ya simu, ili akishikwa na homa baadaye awaarifu, mfuko wake uzuiwe.

Makatibu wa matawi watuletee orodha ya kazi zinazokata mshahara kwa siku hiyo. Twaihitaji kabla ya kuonana na matajiri.