Fizi: Msichana mwenye mimba abaki darasani, na mama mfanyakazi apewe haki yake

SWIMA, wilayani Fizi – Katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Swima hadi Baraka, msichana wa sekondari akionekana ana mimba mambo huenda kwa njia ile ile. Wenzake wananong'ona, habari inafika kwa mkurugenzi wa nidhamu, mzazi anaitwa ofisini, na kabla ya juma kuisha binti amebaki nyumbani. Mara nyingi haandikiwi barua yoyote. Anaambiwa tu: "Nenda kwanza ujifungue." Hapewi tarehe ya kurudi, na wengi hawarudi tena.

Mazoea hayo yamekaa muda mrefu hata wazazi wanadhani ndiyo sheria ya nchi. Ukweli ni kwamba sheria ya nchi inayakataza. Sheria nambari 15/013 ya tarehe 1 Agosti 2015, inayohusu haki za mwanamke na usawa, inasema kwamba mtu wa jinsia ya kike hawezi kuondolewa katika taasisi ya masomo kwa sababu ya mimba yake au kwa sababu amejifungua. Haikusema shule ya msingi peke yake. Inahusu sekondari, na inahusu chuo kikuu. Imepita zaidi ya miaka 10 tangu itiwe sahihi Kinshasa, na katika shule nyingi za Fizi ni kama haijawahi kuvuka daraja lolote kufika huku.

Prefe anayemfukuza msichana mwenye mimba, basi, halindi nidhamu. Anavunja sheria, tena mbele ya watoto anaowafundisha somo la uraia.

Wakuu wa shule wana majibu yao, na inafaa yajibiwe moja moja.

La kwanza ni la dini. Shule nyingi za Fizi ni za makanisa, na husikika wakisema kanisa haliwezi kubariki dhambi. Hakuna anayeomba baraka. Shule za makanisa zinaendeshwa chini ya mkataba wa serikali na makanisa wa mwaka 1977. Kanisa linasimamia, lakini programu ni ya taifa, mtihani wa mwisho ni wa taifa, na mshahara wa mwalimu aliyeandikishwa unatoka katika hazina ya serikali. Anayepokea mshahara wa serikali hawezi kuiacha sheria ya serikali nje ya mlango. Mchungaji na padri wana siku yao ya kuonya na kufundisha. Tena, kanisa lile lile humpokea mtoto kwa nyimbo siku ya kubarikiwa au kubatizwa. Vipi shule yake imkatae mama wa mtoto huyo siku ya Jumatatu?

La pili ni la mfano mbaya: tukimwacha huyu akae darasani, wengine watamfuata. Jibu lake liko katika hesabu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba nchini Kongo, kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa tayari wamezaa au wana mimba. Hao ni watoto waliokua katika nchi ambamo kufukuzwa kulikuwa jambo la kawaida. Kama kufukuza kungekuwa dawa, ugonjwa ungekwisha zamani.

Kinachofundishwa na kufukuza ni kitu kingine: kuficha. Msichana anafunga tumbo kwa kitenge chini ya sketi ya bluu. Haendi kwenye kituo cha afya kupimwa mimba, kwa sababu akionekana kwenye foleni habari itafika shuleni kabla yake. Wengine wanajaribu dawa za majani kwa siri. Mwili wa msichana wa miaka 15 haujakomaa kwa kuzaa. Uchungu unaweza kukwama, damu ikapanda, na akabaki na ugonjwa wa fistula wa kuvuja mkojo maisha yake yote asipotibiwa. Miezi ile ile anapohitaji sana mtu mzima wa kumtazama kila siku ndiyo miezi shule inapomfungia mlango.

La tatu husemwa na wazee na hata na baadhi ya wazazi: maji yakimwagika hayazoleki, basi aolewe. Lakini sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inakataza ndoa ya mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na sheria ya familia inasema hivyo hivyo. Kumtoa binti wa miaka 16 darasani na kumpeleka kwa mwanaume kwa sababu ya tumbo ni kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza, kisha kula mahari juu yake.

Hapo ndipo swali lililofichwa linapojitokeza. Mwanaume yuko wapi? Akiwa mwanafunzi mwenzake, yeye anaendelea kukaa kwenye benchi lake, na mwezi wa saba anafanya mtihani kama kawaida. Hakuna anayetaka naye afukuzwe. Wote wawili ni watoto na wote wawili wasome. Ila haki haiwezi kumwona mmoja na kumfumbia jicho mwingine.

Na akiwa mtu mzima? Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamhesabu kila asiyefika miaka 18 kuwa mtoto. Ubakaji adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 20, na adhabu inaongezwa ikiwa mkosaji ni mwalimu wa mtoto huyo. Lakini vijijini jambo hilo humalizwa chini ya mwembe: mbuzi, mafranga kidogo, maneno ya kuomba radhi, na kila mtu anarudi kwake. Msichana peke yake ndiye anayebaki na hukumu.

Asiseme mtu kwamba Fizi ni mbali na mahakama. Mwezi Februari 2011, mahakama ya kijeshi iliketi hapa hapa Baraka na kumhukumu luteni kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa ajili ya ubakaji uliofanyika katika mji wa Fizi siku ya mwaka mpya. Wanawake walisimama na kutoa ushahidi dhidi ya mtu aliyekuwa na askari na bunduki. Ikiwa afisa wa jeshi alihukumiwa Baraka, mwalimu au mfanyabiashara aliyempa mimba mwanafunzi hawezi kuwa mzito kuliko sheria.

Ng'ambo ya ziwa kuna somo ambalo familia nyingi za hapa zinaweza kulielewa upesi, kwa kuwa ziliishi au bado zina ndugu katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Tanzania ilifukuza wasichana wenye mimba kwa miaka mingi. Tarehe 22 Juni 2017, akiwa Chalinze, rais John Magufuli alitangaza kwamba katika utawala wake aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Mwaka mmoja kabla ya hapo sheria ilikuwa imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Ukali ulikuwa pande zote, lakini msichana bado alikuwa nje. Mwezi Novemba 2021 waziri wa elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Kenya ilikuwa imeanza kuwarudisha tangu mwaka 1994.

Jirani aliyekataza hadharani alibadilika hadharani. Kongo ina sheria nzuri tangu 2015 na inaendelea kufukuza kimya kimya. Huu wa kimya ni mgumu zaidi kupigana nao, kwa sababu hakuna karatasi ya kupinga.

Katika vyuo vikuu njia ni nyingine. Huko ni nadra mtu kuambiwa wazi atoke. Mwanafunzi anajifungua katika juma la mitihani, anaandikiwa kwamba hakuwepo, na anaambiwa arudie mwaka wote na alipe tena. Yule anayenyonyesha hana mahali pa kukaa isipokuwa nyuma ya jengo, juani. Anayebeba mtoto mgongoni anaangaliwa kama amekuja kuuza ndagala.

Kwa hilo vyuo havina tena udhuru. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali imeamuru mfumo wa LMD katika vyuo vyote. Katika mfumo huo masomo yanahesabiwa kwa kredi, na kredi ambayo mwanafunzi amekwisha kuipata ni yake. Kozi alizofaulu hazirudii. Kwa hiyo mama aliyekosa mitihani miwili kwa sababu ya kujifungua anadaiwa mitihani miwili tu. Chuo kinachomrudisha mwanzo wa mwaka kinakiuka mfumo wake chenyewe, na kinakusanya malipo mara mbili kwa somo moja.

Kisha kuna wanawake wanaofanya kazi katika shule na vyuo hivyo: walimu, makarani, wasaidizi, wafagiaji. Kanuni ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya majuma 14, na kwa muda huo anastahili theluthi mbili za malipo yake. Akirudi na ananyonyesha, ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Mimba haiwezi kuwa sababu ya kuvunja mkataba wake. Haki hizo zinahusu shule binafsi, vyuo binafsi na mashirika kama zinavyohusu kampuni yoyote.

Na huku je? Mwalimu anayelipwa kwa prime ya wazazi akijifungua, malipo yanakatika siku ile ile. Wengine wanatafuta wenyewe wa kuwashikia darasa na kumlipa kutoka mfukoni, ili wasipoteze nafasi. Kuna anayerudi mbele ya ubao kabla kidonda hakijapona. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye bila kupewa chakula kingine miezi 6 ya kwanza. Mama huyo atanyonyesha saa ngapi, ikiwa mapumziko yake ya kisheria yanaitwa uvivu? Kisha watu hao hao wanashangaa kwa nini shule za Fizi zina walimu wanawake wachache, na kwa nini msichana mwenye shida hana mwanamke wa kumwendea.

Kwa familia zilizokimbia, mlango huo umefungwa mara tatu. Binti aliyeshuka kutoka milimani pamoja na ndugu zake, au aliyekimbia mapigano upande wa Uvira, hana buletini wala sare, kwa kuwa vyote vilibaki nyumbani. Sekondari si ya bure. Bure iliyotangazwa mwaka 2019 ni ya shule ya msingi. Na kama alibakwa njiani, au alijitoa kwa mtu ili wadogo zake wale, anafika na mimba ambayo hakuichagua. Akifukuzwa huyu, hakuna kijiji kinachomngojea wala shamba la wazazi la kurudia. Mwenye nyumba aliyempokea tayari anagawa muhogo wake kwa watu 10. Darasa ndilo lilikuwa sehemu pekee ambapo jina lake lingeitwa kila asubuhi.

Jibu la mwisho la wakuu ni fedha: shule ni maskini, nani atajenga chumba cha watoto? Lakini mambo ya kwanza hayana bei. Kutofukuza ni bure. Kumwandikia msichana barua inayosema nafasi yake imehifadhiwa na tarehe ya kurudi ni karatasi moja na muhuri. Kumpangia mtihani siku nyingine ni saa mbili za mwalimu. Kumwacha atoke kunyonyesha ni ruhusa. Chumba kimoja kinachofungwa, chenye mkeka na ndoo ya maji, kipo katika kila shule; kwa sasa kimejaa viti vilivyovunjika. Bibi wa kukaa na mtoto chini ya mti wa shule anapatikana katika kila ukoo wa Fizi, kwa sababu mkono mmoja haulei mwana, na hapa jambo hilo halihitaji mradi wala semina.

Kinachohitaji nguvu ni kuuliza. Kila shule ina kamati ya wazazi. Mkutano wake wa kwanza wa mwaka huwa ni wa kupanga prime. Na uwe pia wa kumtaka prefe aseme ni wasichana wangapi waliondoka mwaka uliopita kwa sababu ya mimba, na wangapi wamerudi. Swali hilo liandikwe katika kitabu cha mkutano pamoja na jibu lake. Mashirika ya kiraia ya Swima na Baraka, yanayojua vizuri kuandika matamko kuhusu barabara na vizuizi, yaandike pia kuhusu hili. Mkaguzi wa shule anayepita kuangalia daftari za maandalizi aangalie pia orodha ya walioondoka.

Wilaya ya Fizi inalia kila siku kwamba haina wakunga wa kutosha, wauguzi wa kutosha, walimu wa kutosha. Wengine kati yao walikuwa darasani. Walitolewa wakiwa mwaka wa nne au wa tano wa sekondari, kwa kosa ambalo walilifanya wawili au walifanyiwa na mwingine. Wengi bado wako hapo hapo kijijini, wanauza mawese na mihogo kando ya barabara, watoto wao wameanza kutembea. Prefe anapita mbele yao kila asubuhi akienda shuleni. Anajua majina yao, na anajua darasa walilokuwa. Awaite warudi.