Data Zangu Ziliishia Ulaya

Kabla hujanionea wivu: Ulaya ninayoisema ni ile ya Kilosa, kwenye barabara ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa mjini. Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilikusanya pia data za utafiti wangu: wanafunzi wa sekondari wanatembea umbali gani kwenda shule, na wanakosa siku ngapi. Wiki sita, kaunta buku moja. Siku moja narudi na bodaboda, mvua ikatukuta Ulaya. Begi likalowa, wino ukachuruzika, kurasa kumi na tisa zikawa hazisomeki.

Usiku rafiki yangu akaniambia, "Si unakumbukakumbuka? Jazia tu." Sitadanganya, nilishika kalamu. Nilijazia wanafunzi wanne, kisha aibu ikanishika. Nikawafuta, nikapunguza sampuli. Ila kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba ningewajazia wote, hakuna ambaye angejua. Wala supavaiza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, lakini daftari letu linaweza kuloa, kuibiwa au kupikwa, na lote huwa ni siri ya mtu mmoja. Ndiyo maana naunga mkono daftari la maabara la kielektroniki. Jina linatisha, kazi yake si ngumu. Unaandika ulichopima au ulichoambiwa siku ileile. Programu inaweka jina lako, tarehe na saa. Ukirekebisha, maandishi ya kwanza hayafutiki, yanabaki nyuma ya mapya. Supavaiza anaona akiwa ofisini kwake.

Kwa sisi wa fildi, kuna pa kuanzia bila gharama kubwa. ODK, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, inajaza fomu kwenye simu ya Android hata pasipo na mtandao, kisha inatuma ukifika penye mtandao. Si daftari kamili la maabara, lakini ni nusu ya safari.

Faida yake si ya mtu mmoja. Gombe, Kigoma, utafiti wa sokwe ulianza mwaka 1960 kwa kalamu na karatasi, na Watanzania waliowafuatilia sokwe porini waliandika kwa Kiswahili. Baadaye kumbukumbu zile ziliingizwa kwenye kompyuta huko Marekani, na watafiti wanaziuliza maswali ambayo walioziandika hawakuyawaza. Sasa rudi kwetu. Hifadhi ya Mikumi ina barabara kuu ya kwenda Zambia inayoipasua katikati. Mwanafunzi akihesabu leo wanyama waliogongwa, hesabu yake itakuwa na maana zaidi ikiwekwa kando ya ile ya mwenzake wa mwaka kesho. Mimi mwenyewe ningetamani kulinganisha mahudhurio niliyoyapata na yale ya baada ya mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010. Kaunta buku za waliotutangulia ziko wapi?

Najua mtasema bando, chaji, simu mbovu. Kweli. Boom lenyewe halifiki mwisho wa mwezi. Kwa hiyo serikali ya wanafunzi idai mambo matatu: chuo kitupe akaunti, kila kitivo kiwe na simu chache za kuazima wakati wa fildi, na supavaiza apitie daftari kila wiki badala ya kusubiri siku ya kukusanya kazi. Na usiri pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi. Tumia namba badala ya majina, funga simu kwa nywila. Watoto wale hawakunipa majibu ili yazagae kwenye flashi hosteli.

Sisi wa ualimu tutakuja kumwambia mtoto mbele ya maabara: andika ulichokiona, si ulichotarajia. Nataka siku nikisema hivyo nisikumbuke wale wanne niliowajazia usiku Kilosa. Nitawakumbuka tu. Wewe ambaye hujaenda fildi bado una nafasi.