Mbwa wa zizi alipiwe bei ya mbuzi, si bei ya ndama

MFUGAJI wa Handeni anayetafuta mbwa wa kulinda mbuzi wake kwa kawaida huona njia mbili tu. Ya kwanza ni kwenda kwa jirani na kupewa mtoto wa mbwa bure, au kwa kubadilishana na kuku, bila kujua baba wa mbwa huyo ni yupi. Ya pili ni kuulizia mjini kwa watu wanaouza mbwa wa kizungu, ambako anaweza kutajiwa bei inayokaribia ya ndama. Njia ya tatu haizungumzwi sana, nayo ni kununua kwa mfugaji wa huku huku anayezalisha mbwa wa kazi kwa makusudi.

Swali ni alipwe kiasi gani. Kwa hali ya Handeni na Korogwe, jibu la haki ni bei ya mbuzi mmoja mzima wa sokoni. Anayelipa chini sana ya hapo asishangae akiletewa mbwa wa jalalani. Anayelipa bei ya ndama, mara nyingi analipia jina.

Si jambo dogo. Kuanzia Mkata hadi Sindeni, na kule Korogwe kuanzia Magoma hadi Mombo, mkulima wa mahindi anagawana mavuno na nyani, ngedere na nguruwe pori. Mwenye mbuzi analala akisikiliza fisi. Mifugo nayo imeongezeka: tangu Juni 2022, wakati familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zilipoanza kuhamishiwa Msomera wilayani Handeni, makundi mapya yameingia katika eneo ambalo tayari lilikuwa na yake. Mbwa mmoja anayejua kazi anaweza kurudisha gharama yake usiku mmoja tu, kwa kuokoa mbuzi mmoja.

Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huanza kuuliza aina ya mbwa, badala ya kuuliza wazazi wake wanafanya kazi gani. German Shepherd ni mfano mzuri. Aina hiyo iliasisiwa Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Lakini huko huko kwao, wazalishaji leo wana koo za maonyesho na koo za kazi, na mbwa wa ukoo wa kazi hupimwa kabla ya kuzalishwa. Ikiwa wenyewe Wajerumani hawatosheki na jina, kwa nini mtu wa Kabuku atosheke nalo? Mtoto ambaye wazazi wake na mababu zake wamekaa miaka yote nyuma ya geti la mjini atajua kubwekea geti. Kulala na mbuzi porini ni kazi nyingine kabisa.

Kuna na suala la magonjwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika sana na nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na Handeni imejulikana kwa mbung'o tangu enzi za ukoloni. Mbwa aliyeambukizwa hukonda, huishiwa damu, na pengine macho yake hufanya ukungu wa bluu kabla hajafa. Mwenyewe akadhani amerogwa. Ongeza homa ya kupe, ambayo huwaandama sana mbwa waliotoka mahali pasipo na kupe wengi. Mama aliyekaa miaka mitano katika mapori ya upande wa Pangani na bado anachunga ameshatoa ushahidi ambao cheti cha mjini hakiwezi kuutoa.

Nchi nyingine za Afrika zimeshapita njia hii. Nchini Namibia, mfuko wa hifadhi ya duma umekuwa ukiwapa wafugaji mbwa wa aina ya Anatolian tangu mwaka 1994, na wengi wao waliona upotevu wa mifugo ukipungua sana. Huko Botswana watafiti walilinganisha mbwa wa aina hizo na mbwa wa kienyeji. Wa kienyeji walionekana kulinda vizuri, na gharama yao ni ndogo. Siri katika nchi zote mbili ni moja: mtoto wa mbwa anawekwa zizini angali mdogo, anakua akiwaona mbuzi kuwa ndiyo jamaa zake.

Hapo ndipo ilipo thamani ya kulipiwa. Mzalishaji wa kweli humfungia jike anapokuwa kwenye joto ili apandwe na dume aliyechaguliwa, si na kila dume wa kijiji. Kwa mbwa wa kwetu wanaozurura usiku kucha, hiyo peke yake ni kazi kubwa. Kisha huwalea watoto karibu na mbuzi, huwapa dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili, na hawatoi kabla ya wiki nane.

Hesabu yake inaweza kufanywa karatasini. Huu ni mfano tu, na kila mtu aweke bei za kwake. Jike hubeba mimba siku 63, na hunyonyesha na kulea siku nyingine 56. Ikiwa chakula chake cha pumba na dagaa ni Sh1,500 kwa siku, siku hizo 119 ni Sh178,500. Watoto sita wakianza kula wenyewe, uji na mabaki tuweke Sh40,000. Dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza, Sh12,000 kila mmoja, ni Sh72,000. Jumla Sh290,500. Mmoja akifa, watano waliobaki kila mmoja amegharimu takriban Sh58,000, kabla mzalishaji hajalipwa jasho lake. Watakaosema jike angekula tu hata bila mimba wana haki, lakini jike asiye na mimba halishwi hivyo. Ukiongeza faida ya kawaida unafika Sh80,000 hadi Sh100,000. Ukitajiwa mara tano ya hapo, muuzaji aeleze hiyo ziada ni ya nini.

Kuhusu chanjo, mnunuzi awe macho. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, hivyo mtoto wa wiki nane mwenye cheti bado anahitaji kuchanjwa tena, na baada ya hapo kila mwaka. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa ugonjwa huu huua karibu watu 1,500 kwa mwaka nchini Tanzania. Chanjo hiyo si ya kukwepa kwa kubania fedha, na ofisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa.

Liko pia jambo ambalo wauzaji wa mjini hawaligusi. Waislamu wengi wa Handeni na Korogwe wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo yanaruhusu kufuga mbwa wa mifugo na wa shamba lakini hayakubali mbwa auzwe. Ndiyo maana wapo wazee wanaotoa kitu kwa ajili ya matunzo na chakula, wasiseme wamenunua. Mzalishaji mwenye busara hatabishana na mteja wa namna hiyo. Atamwonyesha gharama za malezi, na mteja atamuuliza shekhe wake. Hesabu iliyo hapo juu inafaa kwa wote wawili.

Kwa anayekwenda kununua, asiende na fedha zote siku ya kwanza. Aende mchana mbuzi wakiwa malishoni, amwone mama mbwa akifanya kazi. Je, anabaki na kundi au anafuata watu? Mgeni akikaribia, anasimama kati yake na mbuzi au anakimbilia nyumbani? Arudi jioni wakati wa kufunga zizi. Mzalishaji anayekataa kumwonyesha mama, au anayesema mama yuko kijiji kingine, asilipwe hata senti.

Malipo yenyewe yafaa yagawanywe. Nusu siku ya kumchukua, nusu nyingine mbwa akifikisha miezi sita, kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya shahidi, ikieleza kuwa akianza kuua vitoto vya mbuzi atarudishwa na ile nusu ya pili haidaiwi. Mzalishaji naye aandike sharti lake: mbwa akifa kwa kukosa chanjo au akifungwa mnyororo uani badala ya kulelewa zizini, fedha zake zinalipwa zote.