Mashine ya samaki ichaguliwe baharini, si ukutani dukani

Imezuka kasumba miongoni mwa wenye mashua ndogo za kuvulia siku za mapumziko, nayo ni kasumba ya kupima akili ya chombo kwa upana wa kioo chake. Mtumishi aliyepokea kiinua mgongo baada ya miaka mingi ya kazi, au mwalimu aliyedunduliza akiba hadi akapata mashua ya faiba na injini ya kupachika, huingia dukani kutafuta mashine ya kutafutia samaki. Humo hukuta vioo vimepangwa ukutani mithili ya televisheni, vyote vikionyesha bahari ya buluu, mwamba wa rangi ya dhahabu na samaki waliojipanga kama askari wa gwaride. Mnunuzi huduwaa. Lakini hizo si habari za baharini hata kidogo! Ni maonyesho yaliyotiwa ndani ya mashine huko kiwandani ili kuvutia macho, na kioo kinachoyaonyesha hakijaunganishwa na kitu chochote kilichogusa maji.

Hapo ndipo hasara huanza. Fedha nyingi hutolewa kwa ajili ya kioo, kisha hubaki kidogo sana kwa ajili ya kile kipande cha chini ya maji ambacho mafundi hukiita transdusa. Ni sawa na mtu anayenunua miwani kwa kutazama fremu.

Yafaa ikumbukwe mashine hii hufanya kazi gani. Transdusa hupiga sauti kuelekea chini, sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Sauti hiyo husafiri katika maji ya bahari mwendo wa kama mita 1,500 kwa sekunde, hugonga chini au hugonga samaki, na mwangwi wake hurudi. Mashine hupima muda uliopita na kutoa kina. Penye mita 30, safari yote ya kwenda na kurudi huchukua sehemu 4 tu katika 100 za sekunde. Hakuna muujiza. Manahodha wa pwani walipata kina kwa bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, na aliyepaka mafuta chini ya bildi yake alijua pia kama chini pana mchanga, tope au mwamba. Ndugu wawili wa ukoo wa Furuno huko Nagasaki, Japani, ndio waliofanikiwa mwaka 1948 kuigeuza elimu ya mwangwi kuwa mashine ya wavuvi inayofaa kazi. Tangu hapo kanuni yenyewe haijabadilika. Kilichobadilika sana ni maneno ya kuiuzia.

Neno la kwanza ni wati. Sanduku moja huandikwa wati 4,000 na jingine wati 500, na mnunuzi hukimbilia lile la kwanza akidhani amepata nguvu mara nane. La hasha! Ziko namna mbili za kuhesabu nguvu hiyo: ya kwanza huchukua kipimo cha kutoka kilele cha wimbi hadi bonde lake, na ya pili huchukua wastani unaofanya kazi kweli. Kwa hesabu ya kawaida namba ya kwanza ni mara nane ya namba ya pili. Kwa hiyo masanduku yale mawili huenda yana nguvu ileile, tofauti ikiwa ni ujasiri wa aliyeandika. Jambo la kusikitisha ni kwamba mwalimu wa fizikia, ambaye angemkata alama mwanafunzi aliyelinganisha namba mbili zenye vipimo tofauti, huingia dukani akakubali kosa hilohilo na kulilipia.

Neno la pili ni kina. Muuzaji hutamba kwamba mashine yake hufika mita 600 au zaidi. Sasa na iulizwe: mita 600 zinatafutwa wapi? Mkondo ulio kati ya Unguja na bara una maji ya makumi ya mita tu, na hata penye kina zaidi hauzidi sana mita 60. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, kina chake kikubwa ni mita 80 na kitu. Mkondo wa Pemba ni habari nyingine, kwani huko chini huporomoka hadi mamia ya mita, na anayevua huko ana haki ya kutaka nguvu. Lakini anayetoka Dar es Salaam asubuhi kuvua changu kwenye miamba ya karibu na kurudi adhuhuri, kisha akanunua uwezo wa Mkondo wa Pemba, amenunua kitu ambacho hatakitumia hata siku moja.

Linalostahili kuulizwa kwanza, nalo ndilo wauzaji wengi hulipita haraka, ni masafa ya sauti na upana wa mwanga wake; maana sauti hiyo hushuka kwa umbo la pia, nyembamba juu na pana chini, kama mwanga wa kurunzi. Sauti ya kilohezi 200, yaani mitetemo laki mbili kila sekunde, kwa kawaida huwa na pia nyembamba na huonyesha mambo kwa ufasaha, lakini huchoka mapema, hasa katika maji ya chumvi. Sauti ya kilohezi 50 huenda mbali zaidi na pia yake ni pana, lakini picha yake ni ya jumla. Chukua pia ya nyuzi 20: penye mita 30 huangaza duara ya chini yenye upana wa mita 10 na nusu hivi. Pia ya nyuzi 45 mahali hapohapo huangaza kama mita 25. Mtu asiyejua tofauti hiyo huona samaki kiooni, akatupa mshipi wima chini ya mashua, na samaki mwenyewe yuko mita 12 pembeni. Kisha humlaumu chambo.

Haki itendeke: si kila kipya ni ulaghai. Mashine zenye maandishi ya CHIRP hazipigi sauti ya namna moja; hupandisha masafa kutoka chini hadi juu katika pigo moja, na kwa njia hiyo huweza kumtenganisha samaki na mwenzake aliye karibu, au na mwamba aliolalia. Hilo linastahili fedha. Vivyo hivyo uwezo wa kuweka alama ya mahali kwa setilaiti, kwa sababu mwamba uliotoa chewa leo ni lazima uonekane tena mwezi ujao, hata siku ambayo ukungu umeficha minazi na minara ya kulengea. Bora kioo cha inchi tano chenye alama hizo na kinachosomeka juani kuliko kioo cha inchi kumi na mbili kisicho nazo.

Na je, mwenye mashua anajua kusoma anachoonyeshwa? Wengi hudhani kioo ni dirisha la kuchungulia baharini. Sivyo. Ukingo wa kulia wa kioo ndio sasa hivi. Vyote vilivyo kushoto ni vya zamani, vimekwisha kupita. Mashua ikitia nanga, samaki mmoja akikaa chini yake huchora mstari mrefu, na asiyejua hushangilia kundi zima. Zile picha ndogo za samaki ambazo mashine hujichorea yenyewe ni makisio tu. Mapovu na magugu nayo hupewa mkia na jicho.

Kuna jambo zito zaidi ambalo halitajwi dukani kwa sababu lingepunguza mauzo. Mwangwi wenye nguvu kutoka kwa samaki hutokana zaidi na kibofu cha hewa kilicho ndani ya mwili wake. Changu na chewa wanacho, nao huonekana vizuri. Nguru hana. Sehewa hana. Nguru yuleyule ambaye wapenzi wa kuvua kwa kuburuta chambo humtamani kuliko wote huweza kupita chini ya mashine ya bei mbaya akaacha kivuli hafifu tu, au asionekane. Anayemfuata nguru angefanya vyema kutafuta kwenye kioo kingo za miamba na makundi ya samaki wadogo anaowala, na hilo huweza kufanywa na mashine ya bei ya wastani.

Hata mashine iliyochaguliwa kwa busara huharibiwa na ufungaji wa ovyo. Transdusa inayofungwa tezi, karibu mno na rafadha, hufunikwa na mapovu, na mashua ikishika mwendo kioo hujaa mvua ya madoa. Mahali pake ni penye maji yaliyotulia, mbali na rafadha, na kwa injini nyingi ambazo rafadha yake huzunguka kuelekea kulia, upande wa kulia ndio wenye afadhali. Yupo anayetaka kuibandika ndani ya mashua ili asitoboe. Hilo huwezekana kwa faiba ngumu isiyo na tabaka la povu katikati. Kwa mashua ya mbao haliwezekani, kwa kuwa mbao humeza sauti. Tena transdusa ya plastiki haifai kupitishwa katika tundu la ubao, maana ubao ukilowa huvimba na kuibana hadi ikapasuka, na mahali penyewe ni chini ya mstari wa maji! Hapo suala si samaki tena, ni roho za watu.

Watetezi wa vioo vikubwa husema kwamba mtu hununua mara moja, hivyo na anunue kilicho bora kabisa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama bora ingekuwa moja kwa kila maji. Sasa wameletewa kishawishi kipya, mashine inayotazama mbele na kumwonyesha samaki anavyojongea saa hiyohiyo, namna iliyovuma tangu Garmin walipotoa LiveScope mwaka 2018. Pamoja na kioo chake, gharama huweza kukaribia bei ya injini ndogo. Huko Marekani kwenyewe, ambako soko lake ni kubwa, mashindano ya ligi ya NPFL yaliipiga marufuku mwaka 2024, na wengine wakaiwekea mipaka mwaka 2025, kwa kuona kwamba uvuvi unageuka kuwa kutazama kioo. Ikiwa mabingwa wa huko wanazozana juu yake, ni haraka gani inayomsukuma mstaafu wa Tanga kutoa nusu ya akiba yake?

Aidha, mashine ya kawaida huonyesha kilicho chini ya mashua, haionyeshi kilicho mbele. Anayeingia mlango wa mwamba wakati wa maji kupwa huku macho yake yamezama kiooni ataarifiwa kwamba kina kimekwisha wakati omo imekwisha kugonga. Na kioo kikubwa hula umeme. Kikilishwa na betri ileile ya kuwashia injini, mtu huweza kutwa nzima akitazama samaki, jioni akapiga makasia.

Kwa hiyo anayekwenda kununua na aende na majibu matatu: mashua yake imeundwa kwa kitu gani, maji anayovua yana kina gani, na samaki wake ni yupi. Muuzaji asiyeuliza lolote kati ya hayo kabla ya kutaja bei hafai kupewa fedha. Na anayeuliza na aombwe jambo moja zaidi: afunge transdusa kwa muda kwenye mashua, watoke pamoja hadi penye kina kinachojulikana, bildi ishushwe kando, na namba mbili zilinganishwe kabla ya risiti kuandikwa.