Eti "Hisa za Windows Hazianguki"? Mastaa, Acheni Kuwauzia Watu Usingizi!

Mjini kuna fasheni mpya. Zamani staa akitaka kuonekana ana mkwanja alipiga picha kwenye gari la kuazima. Siku hizi anapost skrinishoti yenye mstari wa kijani unaopanda, anaandika "hela inaingia nikiwa nimelala", halafu chini yake namba ya kulipia darasa.

Kuna dada mmoja wa Insta, jina kapuni, wafuasi kibao, mwaka juzi alikuwa anauza mawigi. Leo ni mwalimu wa hisa. Somo lake ni jepesi mno: kila benki ina Windows, kila ofisi ina Windows, hadi stationery ya mtaani kwenu ina Windows, sasa hiyo kampuni itaangukaje? Weka hela, sahau. Anayasema hayo akiwa ameshika iPhone, lakini tuyaache.

Pembeni yake yupo msanii mmoja ambaye ngoma zake hazisikiki tena redioni. Yeye kaongeza chumvi: usinunue Microsoft tu, nunua kila kampuni inayoigusa Windows, kuanzia wanaotengeneza chipu hadi wanaounda kompyuta. Ada ya darasa lake inakaribia kodi ya mwezi ya chumba cha kupanga. Na vijana wanalipa! Wengine wanachomoa hela za kikoba.

Sasa twende kwenye ukweli ambao hawa wawili hawausemi.

Desemba 1999 Windows ilikuwa mfalme asiye na mpinzani. Zaidi ya kompyuta tisa kati ya kumi za mezani zilikuwa zinaitumia. Kwa hesabu ya yule dada, hapo ndipo pa kuweka hela na kusahau. Aliyenunua hisa ya Microsoft kwenye kilele cha mwezi ule aliiona bei ile tena Oktoba 2016. Mtoto aliyezaliwa siku ananunua, bei inarudi yuko kidato cha nne! Mwaka 2000 peke yake, zaidi ya nusu ya thamani ya hisa hiyo iliyeyuka. Aprili ya mwaka huo jaji wa Marekani aliamua kwamba kampuni ilivunja sheria kwa jinsi ilivyolinda ukiritimba wake, na kwa siku moja tu hisa ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 10. Ni kweli gawio lilianza kutolewa 2003, kwa hiyo ukilijumlisha, mtu alirudisha hela yake mapema zaidi. Lakini bado ni miaka mingi ya kula jeuri.

Na miaka yote hiyo Windows haikwenda popote. XP ilitoka 2001 ikajaa kila kona. Bidhaa ilikuwa inatamba, hisa imelala fofofo. Kwa nini? Kwa sababu waliokuwa wananunua 1999 walishalipia mafanikio ya miaka mingi mbele kabla hayajatokea. Bei ilikuwa ya juu kupita kiasi, basi. Darasani kwa yule dada neno "bei" halitajwi kabisa.

Tena hata hilo jina "hisa za Windows" ni uongo wa mchana. Hakuna kitu kama hicho sokoni. Ipo hisa ya Microsoft, na katika mwaka wake wa fedha wa 2024 kampuni iliingiza zaidi ya dola bilioni 245. Windows ilichangia kama bilioni 23. Yaani kwenye kila shilingi mia, Windows haifikishi hata kumi. Aliyenunua 2014, Satya Nadella alipokabidhiwa usukani, akashikilia miaka kumi, hela yake ilizidi mara kumi, hilo halina ubishi. Lakini kilichombeba zaidi ni biashara ya kuzikodisha kampuni uwezo wa kompyuta kupitia intaneti. Kwenye simu, Windows ilichemka vibaya: Microsoft ilinunua kitengo cha simu cha Nokia 2014, na mwaka uliofuata ikafuta dola bilioni 7.6 vitabuni.

Halafu kuwa kila mahali siyo kulipwa kila mahali. Fundi wa Kariakoo anayekupigia window kwenye laptop used kwa elfu chache, mara nyingi ni kopi ya kuchakachua. Hapo Microsoft inapata nini?

Kuhusu ushauri wa msanii wetu, tumuulize habari za Intel. Hakuna kampuni iliyoshikamana na Windows kama hiyo, chipu zake zimo kwenye kompyuta nyingi mno za Windows. Hisa yake ilifika karibu dola 75 mwaka 2000. Agosti 2024, baada ya kutangaza kupunguza wafanyakazi kama 15,000 na kusimamisha gawio, ilidondoka asilimia 26 kwa siku moja, ikabaki kwenye dola 21 na senti. Novemba ikatolewa kwenye kundi la kampuni 30 za Dow Jones, nafasi yake ikachukuliwa na Nvidia. Na Compaq? Vijana wengi hata hawalijui jina hilo. Ilimezwa na HP 2002.

Kingine cha kuangalia ni hizo app zinazopigiwa debe. Baadhi haziuzi hisa kabisa. Unachonunua ni mkataba wa kubashiri bei, tena kwa hela ya mkopo, ambapo bei ikitikisika kidogo tu salio linafagiwa. Humiliki chochote Microsoft. Hiyo ni mkeka uliovalishwa suti.

Na hapa Tanzania kutoa ushauri wa uwekezaji kwa malipo ni kazi yenye leseni, inatolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Juzi kijana mmoja alimuuliza yule dada kwenye komenti kama anayo, na kama anaweza kuonyesha taarifa ya akaunti yake nzima, siyo skrinishoti ya siku moja nzuri. Hakujibiwa. Kala bloku.