Nani anaamua kile tunachokula?



Juma hili tuzungumze juu ya bukari. Namna ya kuisonga kila mmoja wetu anaijua tangu utoto. Tunataka kuuliza kitu kingine. Kila mwaka, mvua inapokolea na mavuno yangali mbali, bei ya unga inapanda. Unga unakula kwanza feza ya samaki, kisha feza ya mafuta, kisha feza ya masomo ya watoto. Tunapunguza mboga, tunapunguza sabuni, lakini bukari ya mahindi inabaki mahali pake katikati ya sahani. Kwa nini? Nani alituamulia hivyo?

Swali hilo si la kutuaibisha. Watu wa elimu wamelichunguza kwa miaka mingi, na wengine walilichunguza hapa hapa mjini kwetu. Tumekusanya machache ya kazi yao, kwa sababu yanagusa nyungu zetu na afya ya watoto wetu.

KULA NI NINI?

Sisi walimu, tukimuuliza mtoto asubuhi kama amekula, mara nyingi anajibu hapana. Kumbe njiani amemaliza biniye mbili na kalanga za kukaanga. Hasemi uongo. Kwake, kula maana yake ni bukari na mboga. Vingine vyote ni vya kudanganya tumbo.

Mwanamke mmoja wa Uingereza, Audrey Richards, aliliona jambo hilo hilo zaidi ya miaka 80 iliyopita, ng'ambo ya mpaka wetu. Katika miaka ya 1930 alikaa kati ya Wabemba, katika nchi inayoitwa leo Zambia, akiandika wanakula nini, nani analima, nani anapika na nani anagawa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1939. Anaeleza namna alivyowaona watu wakitafuna mahindi ya kuchoma, hata magunzi manne au matano, kisha wakilalamika kwa wenzao kwamba tangu asubuhi hawajaweka kitu mdomoni. Ubwali ulikuwa bado haujapikwa, basi walikuwa hawajala. Wabemba ni ndugu za wengi wetu pande zote mbili za mpaka, na mama wa Lubumbashi anayesoma habari hiyo atacheka, maana anasikia nyumba yake.

Lakini tuangalie neno moja. Ubwali wa Wabemba wale ulikuwa hasa wa ulezi. Bukari kama chakula ni ya zamani sana kwetu, lakini mahindi ni mgeni. Yalitoka Amerika, yakaletwa Afrika na meli za Wareno, na kwa wazee wetu wengi yalikuwa kitu cha kuchoma pembeni ya moto, si kitu cha kujaza nyungu kila siku. Basi mgeni huyu alipataje kuwa mwenye nyumba?

POSHO YA KOMPANI

Jibu kubwa liko katika migodi. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wetu, wakati ule Élisabethville, ukaanza mwaka 1910. Wanaume waliletwa kutoka mbali: Luapula, Kasai, Rwanda na Burundi. Hawakuwa na shamba wala mke wa kuwapikia, kwa hiyo kompani iliwalisha kwa posho. Unga wa mahindi ulifaa kompani: unasafiri vizuri kwa treni, unapimwa kwa gunia, unawekwa ghalani, na uliweza kununuliwa kwa wingi upande wa Rhodesia. Kutoka miaka ya 1920 kompani iliamua mfanyakazi akae na familia yake kambini. Hapo posho ikahesabu mke na watoto pia: unga, samaki au nyama, maharagi, mafuta ya mawese, chumvi. Wamama waliitwa kwenye foyer social kufundishwa kushona, kutunza mtoto na kupika.

Kisha Gécamines ikachukua nafasi, na desturi ya kugawa unga ikaendelea. Mtoto aliyezaliwa kambini alikua akijua kwamba chakula kinatoka kazini kwa baba, tena ni cha mahindi meupe. Wakati kazi ilipoharibika katika miaka ya 1990, posho ikakatika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango ule ulioitwa Départ volontaire. Posho ilikwisha, lakini ulimi ulibaki na mazoea yake. Mama ndiye aliyebaki kutafuta unga ule ule kwa feza yake mwenyewe, kwa kuuza sokoni, kwa kushona, kwa kulima pembeni ya mji.

Na unga huo, kwa sehemu kubwa, bado unatoka ng'ambo. Kasumbalesa ni karibu kilometa 90 tu na Lubumbashi, lakini nyumba zetu zinategemea mvua ya Zambia na amri za serikali ya kule. Mwezi wa pili wa mwaka 2024 rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa balaa la taifa. Hapo kila mwenye nyungu upande wetu alikuwa na sababu ya kuogopa. Familia isiyojua chakula kingine inakuwa mateka wa mpaka.

FEZA, MAKALA NA MACHO YA JIRANI

Mwaka 2004 kilitoka kitabu cha uchunguzi juu ya ulaji wa Lubumbashi. Msimamizi wake alikuwa Pierre Petit, na jina lake ni Byakula, kwa Kiswahili chetu kabisa. Kichwa chake cha pili kinasema kwamba kinatazama kula kwa jicho la maisha ya watu katika jamii, si kwa jicho la daktari peke yake. Tunapenda jicho hilo. Daktari anauliza chakula kina nini ndani. Jicho hili lingine linauliza nani ananunua, nani anagawa, nani anakula mbele, na watu watasema nini.

Sisi wenyewe tunaweza kufanya uchunguzi huo jikoni. Chukueni maharagi. Kila kituo cha afya kinatuambia tuwape watoto maharagi, na kweli yanajenga mwili. Lakini mama anapiga hesabu: maharagi yanakaa saa nyingi juu ya mbabula, na makala ni bei. Anachagua lengalenga inayoiva upesi. Huyo hakukosa akili, amehesabu vizuri. Ukitaka ale maharagi, usimhubirie vitamini, mfundishe kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yale, ili asubuhi yaive kwa makala kidogo.

Chukueni unga wa mihogo. Wamama wengi wanajua kuuchanganya na wa mahindi, na watu wa Kasai wanapika hivyo kwa kupenda, si kwa shida. Lakini wengine wanauficha mgeni anapoingia, wakiogopa kuambiwa kwamba nyumbani kumeharibika. Sababu hapo si tumbo wala feza, ni macho ya jirani. Vivyo hivyo kwa finkubala: aliyekua nazo anazila kwa furaha, mwingine anageuza uso, na nguvu ya mwili ndani yake ni ile ile. Kuna pia makatazo ya wazee, kama mahali ambapo mama mjamzito anakatazwa mayai, wakati yeye ndiye anayeyahitaji zaidi.

Mambo haya si ya kuchekea. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba katika nchi yetu, kwa kila watoto 100 chini ya miaka mitano, 43 walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa chakula bora muda mrefu. Wengi wao hawakulala njaa kila siku. Walishiba bukari, lakini mboga ilikuwa kidogo na ya aina moja. Mahindi peke yake hayajengi mwili wa mtoto vizuri. Yanahitaji mwenzake: maharagi, samaki, yai, ndagala zilizosagwa. Darasani tunawaona watoto hawa. Wanachoka saa nne, wanasahau somo la jana, na watu wanawaita wavivu.

ULIMI WA MTOTO UNAFUNDISHWA

Habari njema ni kwamba ulimi haukuzaliwa na sheria zake. Mwaka 2001, huko Philadelphia, Marekani, mtafiti Julie Mennella na wenzake walionyesha jambo la kushangaza. Waliwapa wamama maji ya karoti, wengine katika miezi ya mwisho ya mimba, wengine wakati wa kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kula uji, walikunja uso mara chache zaidi kwa uji wenye ladha ya karoti kuliko kwa uji wa kawaida. Ladha ilikuwa imepita kwa mama kabla mtoto hajaketi mbele ya sahani. Kile mama anachokula leo ni somo la kwanza la mtoto wake.

Wachunguzi wengine, kama Leann Birch, walionyesha kwamba mtoto akikataa chakula kipya mara moja, hajakataa kwa maisha. Anahitaji kukionja tena na tena, mara 8, mara 10, pengine 15, kidogo kidogo, bila fimbo na bila kubembelezwa kwa pipi. Na anamtazama mkubwa: baba akisukuma pembeni sahani ya maharagi, mtoto amekwisha kusoma.

WAMAMA WALIPOKETI PAMOJA

Sasa tufike kwa jambo lililotufanya tuandike barua hii. Wakati wa vita ya pili ya dunia, nyama nzuri ilipungua Marekani. Serikali ilitaka watu wale moyo, figo na vitu vingine vya ndani ya ng'ombe ambavyo wengi walividharau. Iliundwa kamati juu ya mazoea ya kula, na katibu wake alikuwa Margaret Mead, mwanamke mwenye sifa kubwa katika elimu ya desturi za watu. Mwalimu Kurt Lewin akafanya majaribio na vikundi sita vya wamama. Alikuwa ametambua kwamba chakula hakifiki mezani chenyewe: kinapita mlangoni, na mlinzi wa mlango huo, karibu kila mara, ni mama.

Vikundi vitatu vilipewa mafundisho mazuri: vitamini, bei, namna ya kupika, hata karatasi za mapishi. Vikundi vitatu vingine viliketi kuzungumza: nini kinatuzuia, mume atasema nini, harufu yake tutaiondoa namna gani. Mwishoni waliulizwa nani atajaribu juma lijalo, wakainua mikono. Muda ulikuwa ule ule, karibu dakika 45. Baadaye waliulizwa nani alipika chakula ambacho hakuwahi kupika. Kati ya wale waliosikiliza mafundisho, 3 tu kwa kila 100. Kati ya wale waliozungumza na kuamua pamoja, 32 kwa kila 100.

Wamama, sisi tuna kitu hicho tayari. Tuna likelemba, tuna vikundi vya kanisa, tuna mkutano wetu wa kila juma. Tumezoea kualika mtu kutufundisha, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani kupika kama jana. Lewin anatuambia tufunge daftari kidogo na tufungue mdomo.

KAZI YA JUMA HILI

Tunaomba kila kikundi kitenge dakika 45 katika mkutano wake. Msialike mtu wa kufundisha. Mwulizane maswali matatu. Kwanza, chakula gani kizuri kinapatikana sokoni kwetu na hatukipiki? Pili, nini hasa kinatuzuia: feza, makala, muda, mume, watoto, au maneno ya majirani? Tatu, nani atajaribu nini kabla ya mkutano ujao? Anayejitolea ainue mkono na jina liandikwe.

Mkiamua kuchanganya unga wa mihogo ili kupunguza gharama, mshike mambo mawili. Mihogo ina protini kidogo kuliko mahindi, basi feza iliyobaki iende kwa mboga, isiende penginepo. Na mihogo michungu ilowekwe siku za kutosha na kukaushwa vizuri. Kule Kahemba, katika Kwango, kuharakisha kazi hiyo kumeleta ugonjwa wa konzo unaolemaza miguu ya wamama na watoto. Sombe nayo itwangwe vizuri na ichemke sana. Ndagala kavu, hata kiganja kimoja kilichosagwa ndani ya sombe ya mtoto, ni msaada mkubwa kwa bei ndogo.

Baada ya majuma mawili, kila katibu wa kikundi atuletee karatasi: wangapi waliinua mkono, wangapi walipika kweli, na watu wa nyumbani walisema nini. Andikeni pia yaliyoshindikana, maana hapo ndipo tutajua kizuizi kiko wapi. Tutayapanga yote na kuyachapisha hapa, bila majina ya nyumba.